Pete Kwenye Chuma cha Kitanda

9 Machi

Daftari hili nilipewa na rafiki yangu Jenipher kwenye kichen pati yangu. Aliniambia niandike siku za furaha, maana nikija kuzeeka nitataka kuzisoma. Wiki tatu za ndoa zimepita na sijaandika hata neno! Basi naanza leo. Mimi ni Atuganile, mke wa Brightson, na sijui nilimfanyia Mungu jambo gani hadi akanipa mwanamume huyu.

Kanisani, mchungaji akihubiri na mie natetemeka ndani ya shela, Brightson alinishika kiganja akaanza kukigonga kwa kidole. Ndefu, fupi. Fupi, ndefu. Nikadhani naye ana wasiwasi. Tulipofika ukumbini ndipo akaninong'oneza kwamba yale mapigo yalikuwa herufi, na herufi zote pamoja zilikuwa NAKUPENDA. Nani mwingine Dar es Salaam nzima aliolewa hivyo?

11 Machi

Mvua. Bright kaenda kazini Chang'ombe na viatu mkononi. Hata miguu yake ikiwa na matope ni mizuri.

14 Machi

Nimemuuliza zile herufi katoa wapi. Akanionyesha gemu kwenye simu yake. Wewe ni askari kwenye handaki, vita vya zamani vya Wazungu, na mbele yako kuna kidude cha kupelekea habari. Ngoma inapiga. Unagonga nukta na mstari kwa mdundo wa ngoma, na kila herufi ina mapigo yake. Ukichelewa, habari inaharibika, na wenzako ng'ambo ya mto wanalipuliwa. Pale stoo ya kiwanda cha magodoro anakofanya kazi hakuna anayemfikia.

"Lakini mie sikujifunzia kwenye gemu," akasema. "Baba alikuwa mtu wa simu ya upepo vita vya Kagera. Nikiwa darasa la tatu alikuwa ananifundisha mezani kwa kijiko."

Ameniwekea na mimi kwenye simu yangu. Nimeua kikosi kizima mara kumi na moja. Bright alicheka hadi akajilaza chini.

16 Machi

Naishi nyumba moja na baba mkwe na sijawahi kumwona uso. Jenipher haamini. Lakini sie Wanyakyusa ndivyo tulivyokuta: mkamwana hamtazami baba mkwe, wala haingii alipo. Wengi wameshaacha mambo hayo hapa mjini. Mzee Nikodemu hakuacha. Mwaka jana siku ya kuvishwa pete, mie nikiingia mlango wa mbele, yeye alitokea wa nyuma na kofia yake mkononi.

Sasa hatoki. Kiharusi kilimpata Novemba; alipotolewa hospitali Mwananyamala mdomo ulikuwa umepinda, ulimi hausemi, upande wa kulia umekufa. Wifi Felicitas, dada yake Bright, ndiye anayemwogesha na kumlisha. Chumba chake kimepakana na jiko ninalopikia, ukuta mmoja. Kwa hiyo namsikia tu. Mkono wa kushoto unatetemeka, na pete yake ya ndoa, aliyovishwa na marehemu mama mkwe, inagonga chuma cha kitanda.

"Utazoea, bi harusi," wifi aliniambia. "Mie siku hizi naisikia kama saa ya ukutani."

21 Machi

Naandika kwa raha! Kuna mtu anataka kununua nyumba hii, maana hapa Kimara tuko karibu na barabara, anataka kuweka duka la mabati na saruji. Bright anasema tutajenga yetu wawili, huko mbele penye hewa. Jiko lenye vigae! Nimechagua rangi ya kijani. Baba atapelekwa Tukuyu kwa dada yake, shangazi Sesilia, akapate baridi ya nyumbani. Mume wangu ana moyo gani huyu, hadi hewa ya baba yake anaifikiria.

25 Machi

Nimevuka hatua ya tano! Hatua hii ni ya kumtambua mpigaji. Adui anaingia kwenye mawasiliano na kujifanya rafiki, na wewe humwoni, unasikia tu. Kumbe kila mpigaji ana mkono wake, kama mwandiko. Nikafumba macho, Bright akanigongea kiganjani. Mkono wake nimeshaujua: mstari wa mwisho anauvuta, kama mtu asiyetaka kuondoka. Nilimwambia hivyo, akanibusu kwenye paji la uso.

29 Machi

Mvua siku ya nne. Juu ya bati huwezi kusikia hata sufuria ikichemka.

2 Aprili

Niandike taratibu, nisiruke kitu.

Bright alikuwa kazini, wifi sokoni. Saa nne hivi mvua ilikatika ghafla, nyumba ikawa kimya. Nachambua mchicha. Pete ikaanza ukutani. Sasa mimi gemu limenikaa mwilini, nikisikia pigo lolote nasubiri linalofuata. Nikasubiri. Na pete nayo ikasubiri.

Hapo nikaacha mchicha. Mkono unaotetemeka hausubiri. Hauachi nafasi. Huu ulikuwa unaacha: mistari miwili, kimya. Nukta na mstari, kimya. Nukta na mistari mitatu, kimya. Nukta mbili.

MAJI.

Akarudia. MAJI. Akarudia tena, na mie nimesimama na kisu, pazia la chumba chake liko hatua nne kutoka nilipo, na siwezi kuingia. Nikakimbia kwa jirani yetu Mwajabu, bila kandambili.

"Shoga, njoo umpe mzee maji."

"Kwani wewe huna mikono?"

"Ni mkwe wangu."

"Nyie Wanyakyusa nyie! Mtu afe na kiu kisa heshima." Lakini alikuja, na kanga yake begani. Alipotoka alikuwa hacheki tena. "Kamaliza vikombe vitatu. Nani alikwambia ana kiu?"

Wifi anampa maji asubuhi na jioni, na chakula. Mchana anadhani kalala.

3 Aprili

Jana Bright alirudi nimeshalala. Leo nilimngoja mlangoni kama mtoto. "Baba anaongea! Anaongea kwa pete! Jana kaomba maji!"

Alikuwa anavua soksi. Akasimama na moja mkononi. "Ni mkono tu, Atu."

"Herufi nne, Bright, nimezisikia..."

"Ukicheza sana unaanza kusikia kila kitu. Hata mie nilikuwaga nasikia feni inaniita jina." Akacheka. "Mke wangu kawa mpiga simu kamili."

Nilicheka na mimi. Naandika hapa kwamba nilicheka.

5 Aprili

Mvua ilipoacha nilichukua kijiko nikagonga ukutani: SHIKAMOO.

Pete ikanyamaza. Nikahesabu pumzi zangu. Kisha: NANI.

ATU, nikajibu.

Nikafikiri nimemdhalilisha mzee wa watu. Ndipo ikaja, polepole, haina hata kosa moja: MARAHABA MKAMWANA.

Nililia kwenye kitunguu ambacho sikuwa nimekikata.

8 Aprili

ASANTE MAJI. Nimempangia Mwajabu aje kila saa nne na saa nane. Wifi nimemwambia mzee ana joto.

10 Aprili

Mzee: WALI CHUMVI NYINGI. Nimecheka peke yangu jikoni hadi wifi kauliza kuna nini. Nikamwambia nimekumbuka harusi.

13 Aprili

Mvua ikinyesha hatusemezani, bati linameza kila kitu. Nimeanza kuichukia mvua. Leo ilitupa saa moja tu, naye akanisimulia Kagera. Alikuwa na mwenzake ng'ambo ya mto, miezi minne wanapelekeana habari, hawakuwahi kuonana. Walijuana kwa mkono tu. Siku moja mkono ukabadilika, mtu mwingine anapiga, na yeye akajua bila kuambiwa.

Halafu akaongeza: KAMA SISI.

Sijui kama alikuwa na maana ya kujuana au ya kutoonana.

15 Aprili

Leo mzee kaniudhi. Kagonga NYUMBA SIUZI. Kagonga mara tatu. Nikamjibu kwamba nitamwambia Bright. Akagonga: BRIGHT ANASIKIA.

Nikaweka kijiko chini. Mume wangu angesikia baba yake akiomba maji anyamaze? Mzee ni mgonjwa na ana uchungu. Nilimpikia wali wenye chumvi kidogo, lakini sikumgongea tena.

20 Aprili, Pasaka

Tulitoka kanisani saa saba. Wifi akaenda kumtembelea rafiki yake. Mimi nikabaki jikoni kukaanga vitumbua, Bright akasema anaingia kumsalimia baba. Mvua ilikuwa manyunyu tu, haina sauti.

Nikasikia pete: BRIGHT. BRIGHT. SIUZI. NYUMBA YA MAMA YAKO.

Nikazima jiko ili mafuta yasilie. Nilikuwa natamani asikie, niape. Nilikuwa naomba, kwenye ukuta ule ule, kwamba leo mume wangu asikie kwa mara ya kwanza, atoke na machozi, aniambie, Atu, ulisema kweli.

Mapigo mengine yakaanza. Si pete. Kidole, kwenye ubao wa kitanda. Mstari na nukta: N. Moyo wangu ulijaa, maana neno langu, NAKUPENDA, nalo huanza hivyo. Lakini herufi iliyofuata haikuwa ya neno langu. Wala iliyofuata. Zilikuwa herufi saba, na ya mwisho ilikuwa A, na mstari wake wa mwisho ulivutwa, kama mtu asiyetaka kuondoka.

NYAMAZA.

Akaigonga mara mbili. Pete haikujibu.

Alitoka akanikuta nimesimama na mwiko. "Vitumbua vinanukia, mke wangu," akasema, akachukua kimoja.

21 Aprili

Mvua.

24 Aprili

Nimemwambia asubuhi, kabla hajaenda kazini. Sikupiga kelele. Nilisema, "Nilikusikia Pasaka. Nimeujua mkono wako."

Alikaa kitandani na shati halijafungwa vifungo. Hakukataa. Ningemshukuru kama angekataa.

"Toka Novemba?" nikamuuliza.

"Toka wiki ya pili."

"Akiomba maji?"

"Felicitas anampa maji."

"Asubuhi na jioni, Bright!"

"Wewe humjui," akasema. "Unamsikia ukutani, anakuchekesha. Mie nilikaa naye mezani. Nikikosea herufi, kile kijiko kinanitua hapa." Akajigusa nyuma ya sikio. "Sikuwahi kula chakula cha moto mie. Shule alichagua yeye, kazi alichagua yeye. Miaka thelathini na moja ananigongea. Leo hana ulimi na bado ananiamuru. Kwa mara ya kwanza maishani naweza kujifanya sisikii."

Nilimwonea huruma. Ndiyo, nilimwonea. Alikuwa na uso wa mtoto wa darasa la tatu. Lakini mtoto huyo ana funguo za nyumba, na mzee ana pete tu.

"Sasa kwa nini mimi unanigongea?" nikamuuliza.

Hakuelewa swali.

29 Aprili

Kikao cha ukoo ni Jumamosi. Wataamua kama baba bado ana akili. Wakisema hana, Bright atasimama badala yake na kuuza. Shangazi Sesilia ameshafika, mikono imejaa ndizi na magimbi. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, mbona umekonda na ndoa bado mbichi?"

Nimemgongea mzee: JUMAMOSI. GONGA. MIMI NITASEMA.

Akajibu: SAWA MKAMWANA.

3 Mei

Walimtoa chumbani saa tano wakamkalisha sebuleni kwenye kiti cha mbao, shuka mabegani. Mimi nilikuwa koridoni nyuma ya pazia na birika la chai. Wajomba wawili, shangazi, wifi, Bright, na mjumbe wa mtaa aliyekuja na karatasi. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: nibaki nyuma ya pazia, nisikilize pete, niseme kwa sauti kila herufi. Wangemuuliza swali, angejibu, na hakuna mwiko ambao ungevunjwa.

Kisha mvua ikaja. Haikuanza taratibu, ilimwagwa. Juu ya bati ikawa kama lori la kokoto. Watu sebuleni wakaanza kuongea kwa kupaza sauti. Bright akasema, "Baba hatambui kitu. Huo mkono unatetemeka tu, dada anajua."

"Unatetemeka, kweli," akasema wifi. Yeye hakudanganya. Hajui.

Nikatega sikio. Bati. Bati tupu. Kiti cha mbao hakitoi mlio kama chuma, na mvua ilikula hata ule mdogo. Mjomba mkubwa akasema, "Basi aandike." Mjumbe akafungua kalamu.

Nikasogeza pazia kwa kidole. Nikauona mkono, kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mwembamba, na ulikuwa unapanda na kushuka kwenye kiti kwa mdundo safi kabisa. SIUZI. Nafasi. SIUZI. Nafasi. ATU SEMA.

Nikaingia.

Niliingia na kitambaa hakipo kichwani, nimesimama katikati ya sebule nanyoosha kidole. "Anaongea! Tazameni mkono! Anasema hauzi! Bright anajua, muulizeni Bright!"

Hawakutazama mkono. Walinitazama mimi.

"Mkamwana!" Shangazi alisimama hadi kikombe kikamwagika. "Umeingia kwa mkwe wako? Kichwa wazi?"

Na hapo nikamtazama. Mzee Nikodemu alinyanyua uso akaniona, macho kwa macho. Kisha mkono wa kushoto ukaacha kiti, ukakamata ncha ya shuka, ukaivuta juu hadi ukaufunika uso wake wote, ukaishikilia hapo. Mkono ule ule. Hana mwingine. Aliniheshimu kama alivyoniheshimu siku ile alipotokea mlango wa nyuma, na alipokuwa ananiheshimu alikuwa hawezi kusema.

"Gonga, baba!" nikamwambia. Nilikuwa nalia. "Gonga, sikutazami!" Nikageukia ukuta. Lakini nilikuwa bado ndani, na nikiwa ndani hatashusha shuka.

Bright akaja akanishika mabega kwa upole, mbele ya watu wote. "Msameheni mke wangu. Kuna gemu anacheza simuni mchana kutwa, limemwingia kichwani. Mie ndiye nilimwekea, kosa langu."

Wakanionea huruma. Mjomba mdogo akasema mabinti wa siku hizi na simu. Faini ya jogoo. Wifi akanitoa.

Nikiwa mlangoni niligeuka nikasema jambo moja: "Mtu asiye na akili anajuaje kumwonea mkamwana wake aibu?"

Shangazi alilisikia. Alimtazama kaka yake chini ya shuka, na nikamwona akiliona, wazi kama mimi. Halafu akainama akaanza kufuta chai iliyomwagika.

Mjumbe aliandika. Wakasaini. Mvua ikaacha saa nane.

4 Mei

Nimegonga ukutani: SHIKAMOO. NISAMEHE. SHIKAMOO.

Kimya. Mwajabu aliingia na maji. Anasema kajigeuzia upande wa pili, mkono kaulalia.

7 Mei

SHIKAMOO. Kimya.

10 Mei

Wamempeleka Tukuyu leo alfajiri, yeye na shangazi na wifi. Nilikaa jikoni mlango umefungwa, kama mkamwana mwema, hadi gari likaondoka. Kisha nikaingia chumbani kwake, maana sasa hakuna wa kumwonea aibu. Kwenye chuma cha kitanda, upande wa kushoto, rangi imebanduka, duara moja dogo kama shilingi, chuma kinang'aa. Nikaweka kidole pale. Kitanda nacho kilibebwa saa sita.

16 Mei

Tumehamia vyumba viwili vya kupanga, Mwananyamala. Bright ananiita nitazame picha za vigae. Kijani kipo.

22 Mei

Nimempigia shangazi kumuulizia mzee.

"Hajambo, mwanangu. Kapata nafuu hata. Mkono umetulia, hautetemeki tena kabisa."

Nikamuuliza kama anakunywa maji mchana. Akasema mtandao unakatika.

25 Mei

Masika yameisha. Jua tangu asubuhi, watu wametandaza magodoro nje. Tuliketi barazani baada ya kanisa. Gemu nimeshalifuta simuni, hajaniuliza. Alikuwa mchangamfu; fundi ameanza msingi. Akachukua kiganja changu, kama siku ile, akaanza kugonga. Nilimwacha amalize yote, hadi ule mstari wa mwisho alioukokota.

Kisha nikakigeuza kiganja chake juu. Alitabasamu, akasogea, akafumba macho apate kusikia vizuri. Nikamgongea neno lake, lile la Pasaka. Nilikwenda taratibu, herufi saba, na kila nafasi niliiacha pale inapotakiwa kuachwa.

Tabasamu liliondoka kwenye herufi ya pili.